Macho ya Aliyeshika Tochi

Mtu akiniambia ana kazi ndogo ya nyumbani, labda kukata bolti iliyoshika kutu, kuzibua sinki au kukwangua rangi ya zamani dirishani, siangalii kwanza mikono yake. Naangalia nani yuko karibu. Nani ameitwa kumshikia tochi, nani anapita na ndoo, mtoto gani amechuchumaa anatazama cheche. Tabia hii imenijia kwa sababu majeraha mazito ya macho niliyoyaona kwa karibu katika familia yetu hayakumpata fundi. Yalimpata msaidizi, na yalimpata mtu aliyekuja baadaye akakuta kila kitu kimetulia.

Kwamba fundi avae miwani ya kinga, hilo limesemwa sana na ni kweli kabisa. Mimi nataka kuzungumzia yale yanayobaki nje ya miwani yake: aliyesimama kando, dakika zile kabla kazi haijaanza, na saa zile baada ya watu kuamini kwamba imekwisha.

Mpwa wangu alikuwa amefikia umri wa kujiona mkubwa, akawa anamfuata baba yake kila penye kazi. Jioni moja shemeji alikuwa anafungua bolti za stendi ya tangi la maji. Zilikuwa zimeganda kwa kutu. Spana ikashindwa, akachukua nyundo na tindo ili akate vichwa vyake. Alivaa miwani ya kinga, kama ilivyo kawaida yake. Kijana alisimama begani kwake na tochi, uso ameuinamisha kuelekea kwenye mwanga, maana mshika tochi lazima aone anamulika wapi. Ukifikiri vizuri, uso wake ulikuwa karibu na ile tindo kuliko uso wa baba yake.

Akasema ameingiwa na mchanga. Jicho likatoa machozi kidogo, kisha likatulia. Walipolitazama lilikuwa jeupe, halina damu, halina mchubuko unaoonekana. Asubuhi akaamka akisema jicho lile linaona ukungu. Mimi ndiye niliyempeleka kliniki ya macho, kwa kuwa baba yake alikuwa amekwisha ondoka.

Muuguzi hakuanza kwa kuuliza kama linauma. Aliuliza, "Kaka, jana kulikuwa na chuma kinagongwa kwa chuma?" Nilipojibu ndiyo, mambo yote yakaanza kwenda haraka. Mpwa wangu akaondolewa kwenye foleni, jicho likafunikwa kwa ngao ya plastiki isiyoligusa, akapelekwa kupigwa picha. Picha ikaonyesha kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mtama, kikiwa ndani ya jicho lenyewe.

Tangu siku ile swali hilo nimelibeba. Kipande cha chuma kilichoruka kutoka kwenye tindo ni kidogo, kina makali, na kinakwenda kasi. Kinapita kwenye konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho ambao katikati una unene wa takriban nusu milimita tu, na tundu lake linaweza kujifunga lenyewe. Maumivu huwa machache. Jicho linaweza kubaki jeupe. Ndiyo maana kipimo cha maumivu hakifai hapa. Kinachofaa ni historia ya tukio: chuma kimegongwa, kitu kimehisiwa jichoni, basi mtu huyo aende akapigwe picha hata kama anacheka. Chuma kikikaa ndani ya jicho kwa muda mrefu, madini yake huyeyuka taratibu na kuua sehemu inayopokea mwanga. Juu ya hilo kuna hatari ya vijidudu vilivyoingia pamoja nacho.

Alifanyiwa upasuaji, kipande kikatolewa. Baadaye lenzi yake ya asili, iliyokuwa imeguswa, ikapata mtoto wa jicho, ikabidi iwekwe ya bandia. Leo anaona mbali vizuri kwa jicho hilo. Kwa vitu vya karibu anahitaji miwani, kwa sababu lenzi ya aina aliyowekewa haibadilishi umbo lake kama ile aliyozaliwa nayo. Na kila atakapotakiwa kupimwa kwa ile mashine kubwa ya sumaku, MRI, maisha yake yote atapaswa kusema mapema kwamba aliwahi kuwa na chuma jichoni, kwa kuwa sumaku ile inaweza kusogeza hata kipande kidogo kilichosalia.

Niliiomba ile tindo niitazame. Kichwa chake, pale panapogongwa, kilikuwa kimechanua, kingo zimejikunja kwa nje na kupasuka nyufa. Kila pigo la nyundo lilikuwa linaweza kumegua ukingo mmoja na kuurusha. Kichwa cha namna hiyo kinatakiwa kusagwa mpaka kiwe laini tena, kingo zikiwa zimeinama kidogo kuingia ndani. Ni kazi ya dakika chache. Vilevile usigonge nyundo kwa nyundo; nyuso zote mbili zimekazwa kwa moto, na chuma kilichokazwa hakipindi, kinapasuka. Msumari wa zege nao ni wa chuma hicho hicho. Ukiupiga upande, unavunjika na nusu yake inaondoka na kasi yote uliyoipa.

Nimezungumza mengi juu ya tindo kwa kuwa watu wanaiogopa kidogo mno. Grainda, ile mashine ya diski ya kukatia na kusagia chuma, wanaiogopa, angalau ina kelele na cheche. Lakini hata kwenye grainda nadhani tunachokiogopa sicho. Chukua ile ndogo ya kawaida, yenye diski ya milimita 115, inayozunguka mara 11,000 kwa dakika. Ukipiga hesabu, ukingo wa diski unakwenda kama mita 66 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Kipande kikimeguka hapo, na uso wako uko sentimita 60 mbele yake, kinakufikia katika takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Kope, likishtuliwa, linahitaji kama sehemu ya kumi ya sekunde kufunga. Kwa hiyo yule anayesema "mimi nitafumba macho" anaahidi jambo ambalo mwili hauwezi kulitenda. Kope ni zuri kwa vumbi na upepo. Kwa grainda linachelewa.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kusoma maandishi madogo yaliyochapwa kwenye miwani. Kwenye kiwango cha Ulaya cha EN 166, ambacho bado kimechapwa kwenye miwani mingi hata baada ya kutolewa kile kipya cha EN ISO 16321, herufi F inamaanisha miwani ilijaribiwa kwa kurushiwa gololi ya chuma ya milimita 6 kwa mita 45 kwa sekunde. Herufi B ni mita 120 kwa sekunde, na hiyo huipati kwenye miwani ya kawaida ya masikio, unaipata kwenye ile inayozunguka na kuziba jicho, au kwenye ngao ya uso. Kiwango cha Marekani kinaandikwa Z87, na kikiwa na alama ya kujumlisha, Z87+, maana yake lenzi na fremu vimepita majaribio ya kugongwa kwa kasi. Linganisha mita 45 na zile 66 za ukingo wa diski, utaona kwa nini kwenye grainda mimi huvaa miwani kisha nikaweka ngao ya uso juu yake. Ngao peke yake haitoshi. Chini na pembeni iko wazi, na watu huinyanyua kila wanapotaka kuona vizuri, yaani katika dakika ile ile uso unaposogea karibu na kazi.

Miwani isiyo na alama yoyote siichukulii kuwa kinga, hata ikiwa nene. Miwani ya kusomea na ya jua pia siyo. Lenzi yake inaweza kupasuka na kuongeza vipande vya kuingia jichoni, na ubavuni iko wazi. Anayevaa miwani ya daktari atafute ile kubwa ya kinga inayokaa juu yake, au atengenezewe ya kinga yenye nguvu ya macho yake.

Tazama pia diski yenyewe. Zile diski nyembamba za kukatia zilizoshikwa kwa gundi huzeeka hata zikiwa kabatini. Kwenye kile kipete cha chuma katikati pamechapwa tarehe ya mwisho, kwa kawaida ni miaka 3 tangu kutengenezwa. Iliyolowa, iliyodondoka, iliyopita tarehe, mimi naivunja na kuitupa ili mtu mwingine asiiokote akaona bado nzima.

Halafu kuna ile dakika ya kuzima. Mtu anaachia swichi, anashusha pumzi, anavua miwani. Diski bado inazunguka. Na hata ikisimama, nyusi na nywele zimejaa unga wa chuma. Nimeona watu waliomaliza kazi salama wakaumia wakati wa kuvua miwani: unga uliokaa juu ya fremu ukamwagika machoni, au walipopitisha kiganja chenye vumbi usoni. Sasa mimi nasimama mbali na kazi, nainama, nafumba macho, napangusa paji la uso na nyusi kwa kitambaa kikavu, ndipo navua miwani nikiwa bado nimeinama. Punje ya chuma ikikaa juu ya konea huanza kushika kutu ndani ya saa chache, na ile duara ya kutu hubaki hata punje ikitoka. Kuiondoa ni kazi ya daktari mwenye darubini yake. Siyo kazi ya ncha ya kitambaa mbele ya kioo.

Upande wa kemikali, aliyenifundisha ni mama mdogo.

Sinki lilikuwa limeziba. Mtu mmoja wa nyumbani alimwaga dawa ya kuzibulia usiku, akiwa na glavu na miwani, akafanya kila kitu kwa uangalifu, akaenda kulala ili dawa ipate muda. Alfajiri mama mdogo akaamka wa kwanza kama siku zote. Akakuta maji yamesimama kwenye sinki. Hakuna aliyemwambia kuna nini ndani yake. Akachukua ile pampu ya mpira, akasukuma mara moja kwa nguvu, na maji yale yakamrukia usoni.

Dawa nyingi kali za kuzibulia zina hidroksidi ya sodiamu, ile inayoitwa kostiki soda. Ni alkali, na alkali ndiyo inayonitia hofu kuliko asidi. Asidi nyingi zikigusa jicho hugandisha protini za juu, na ule utando ulioganda huzuia kidogo isiendelee kuzama. Asidi ya haidrofloriki, inayopatikana katika baadhi ya dawa za kuondolea kutu, haifuati utaratibu huo, yenyewe hupenya. Alkali nayo hugeuza mafuta ya kuta za seli kuwa sabuni, ikajifungulia njia, ikaendelea kwenda ndani hata baada ya mtu kudhani mambo yamekwisha. Jicho lililochomwa vibaya na alkali linaweza kuonekana jeupe na tulivu mno, kwa sababu mishipa midogo ya damu pembeni ya konea imekufa. Weupe huo siyo dalili njema.

Nilikuwa nyumbani asubuhi ile. Nilisikia sauti yake, nikamkuta amefunika uso kwa viganja. Sikutafuta chupa kusoma maelezo. Nilimpeleka kwenye bomba la uani lenye mpira wa maji, nikafungua maji mpaka yakawa yanatiririka kwa upole, nikamlaza kichwa upande ili jicho lililoumia liwe chini na maji yasipeleke dawa kwenye jicho la pili. Kumfungua jicho ndiyo ilikuwa kazi. Misuli ya kope inajikaza yenyewe, na mtu anayeumia hawezi kuilegeza kwa kutaka tu. Nilishika kope la juu kwa kidole kimoja na la chini kwa kingine, nikayatenganisha nikiyakandamiza kwenye mfupa wa tundu la jicho na siyo kwenye jicho lenyewe. Nikamwambia, "Mama, tazama juu. Tazama chini. Tazama ukutani." Jicho likizunguka, maji yanafika kwenye mikunjo ya ndani ambako dawa hujificha. Alinisihi niache. Alisema inatosha, sasa haiumi. Nikaendelea, nikimwomba radhi na bila kusimama, mpaka zaidi ya dakika 20 zikapita.

Hilo la kuendelea wakati mtu mzima wako, unayemheshimu, anakuomba uache, ni gumu kuliko inavyosikika. Nadhani ndiyo sababu macho mengi huoshwa kwa dakika mbili. Kwa hiyo nawaambia watu wa nyumbani mapema, kabla ya lolote kutokea: nikikushika kichwa chini ya bomba, utaniambia niache, na sitaacha.

Hospitali waliendelea kumwosha. Waligusa ndani ya kope lake kwa karatasi ya kupimia alkali, wakalinganisha rangi, wakaongeza maji ya chumvi. Kisha walingoja dakika chache na kupima tena, kwa sababu alkali iliyozama kwenye nyama hurudi juu polepole na kipimo cha kwanza kinaweza kudanganya. Walitaka kipimo cha pH, kile kinachoonyesha ukali wa asidi au alkali, kirudi karibu na 7, palipo machozi ya kawaida. Waligeuza kope la juu nje ndani kutafuta chembe. Daktari alituambia kwamba yale maji ya uani yalikuwa na kazi kubwa kuliko chochote ambacho yeye angefanya baadaye. Mama mdogo anaona. Jicho lake hukauka, anatumia matone ya kulilainisha, na huitwa mara kwa mara kupimwa presha ya jicho, maana alkali inaweza kuharibu njia za kutolea majimaji ya jicho na presha ikapanda bila maumivu yoyote.

Mambo ambayo hatukuyafanya nayo yana uzito. Hatukutia siki ili kuua ukali wa alkali. Kemikali mbili zikikutana huzalisha joto, na siki yenyewe ni asidi juu ya jicho lililojeruhiwa. Hatukutia maziwa, mafuta, wala matone yaliyobaki ya mgonjwa mwingine. Maji safi, mengi, mapema. Kama mtu amevaa lenzi za kubandika jichoni, maji yaanze kwanza, na lenzi itolewe wakati maji yanatiririka ikikubali kutoka. Chupa ya dawa ndiyo ya kubebwa kwenda hospitali ili wasome kilichomo, abebe mtu wa pili wakati wa kwanza anaosha.

Kwa hiyo kabla sijafungua chupa yoyote kali sasa nafungua bomba. Kama maji yamekatika, chupa inabaki imefungwa, au najaza kwanza ndoo za kutosha na kuweka jagi juu yake. Nikimwaga dawa kwenye sinki naandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi kwamba dawa imo ndani na saa niliyoimwaga, naibandika pale pale kwenye bomba, na usiku simwagi tena. Dawa inayoachwa ifanye kazi watu wakiwa wamelala ni dawa isiyo na mlinzi.

Miwani ya masikio, hata yenye alama nzuri, haifai hapa. Tone linapita juu ya fremu na kuteremka kwenye paji la uso. Kwa vimiminika ninavaa ile inayoziba pande zote, yenye ukanda wa kufunga nyuma ya kichwa. Kwenye fremu yake natafuta namba 3 ya kiwango cha Ulaya au D3 cha Marekani, ndizo zinazohusu matone na mrusho wa maji. Tundu zake za kupitisha hewa ziwe zimekingwa, siyo matundu yaliyonyooka kuelekea jichoni. Ile ya matundu wazi ni ya kuzuia vipande, na kwa nje zinafanana sana. Malalamiko ya ukungu nayajua. Ninaiosha kwa maji na sabuni laini, naiacha ikauke bila kuifuta kwa kitambaa kigumu, na hewa ikizidi kuwa nzito natoka nje kabisa kuivua. Lenzi iliyochakaa kwa mikwaruzo naibadilisha bila huruma, maana mtu asiyeona vizuri atainyanyua tu.

Tahadhari hiyo hiyo naipeleka kwa vitu ambavyo watu hawaviiti kemikali. Saruji mbichi na chokaa ni alkali kali. Fundi akipiga plasta ya dari, punje zinadondoka moja kwa moja machoni, na chembe ya chokaa ikijibana chini ya kope inaendelea kuchoma huku unaosha, kwa hiyo ni lazima itolewe. Betri ya gari ina asidi ya salfa, na inapochajiwa hutoa haidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche ya waya. Yeyote anayeinama juu ya betri kuunganisha nyaya avae ile miwani ya kuziba. Dawa ya klorini haichanganywi na asidi wala amonia, kwa sababu gesi inayotoka huunguza macho na mapafu pamoja. Asidi inamiminwa kwenye maji, kamwe siyo maji kwenye asidi, la sivyo maji yanachemka ghafla na kukurukia. Na ile gundi inayokauka papo hapo isikae kabati moja na dawa za macho. Vichupa vyake vinafanana mno, na mkono wa usiku hausomi maandishi. Ikitokea kope zimegandana, usizivute. Weka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na uende kwa daktari.

Kuchomelea sitakusemea kirefu kwa kuwa wenye kazi hiyo wanaijua. Wasioijua ni majirani na watoto. Mwanga wa umeme wa kuchomelea una miale ya urujuanimno inayounguza konea, na mtazamaji hahisi kitu wakati ule. Maumivu huja baada ya saa kadhaa, mara nyingi katikati ya usiku, macho yanatiririka na hayavumilii taa. Kwa kawaida hupona katika siku moja au mbili. Matone ya ganzi yasitumiwe nyumbani kwa maumivu hayo, kwani yanachelewesha konea kupona na yanaficha hali ikizidi kuwa mbaya. Fundi ana kioo cha giza, kwa kuchomelea kwa umeme ni namba 10 au zaidi kwa kawaida. Mtoto aliyesimama mlangoni hana chochote, na kumwambia "usitazame" ni kumwita atazame. Pazia zito au ubao wa kukinga ndiyo unaomlinda.

Nikifika kwa watoto huwa namkumbuka Louis Braille. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1809, baba yake akiwa fundi wa matandiko ya farasi. Mwaka 1812, akiwa na miaka 3, aliingia kwenye karakana ya baba yake, akachukua chombo chenye ncha kali cha kutobolea ngozi, kikamchoma jicho moja. Ugonjwa ukalifuata na la pili, na alipofika miaka 5 alikuwa kipofu kabisa. Dunia inamjua kwa maandishi ya nukta aliyoyabuni baadaye, na ni haki yake. Mimi nafikiri pia juu ya karakana ile, chombo kikiwa juu ya meza, ngozi iliyokatwa nusu, na fundi pengine amegeuka kidogo tu. Jicho lililotobolewa linaweza hata leo kuuchochea mwili ushambulie jicho la pili lililo zima, na ndiyo maana madaktari hufuatilia macho yote mawili kwa miaka. Kitu kikiwa kimechoma na kubaki jichoni, usikichomoe. Kifunike kwa kikombe kisichokigusa, mwambie mtu atulie, mpeleke.

Shemeji sasa ana miwani kadhaa, imetundikwa kwenye ubao pamoja na nyundo, kila nyundo na ndugu yake. Akimwita mtu kushika tochi, anampa miwani kwanza, kisha tochi. Mpwa wangu alimnunulia baba yake tochi ya kuvaa kichwani, ili kazi nyingi zisihitaji mshikaji kabisa, na hilo naliona ni bora kuliko miwani yote. Kwa wadogo zake alisisitiza ipatikane miwani ya saizi ya watoto, kwa sababu miwani ya mtu mzima kwenye uso mdogo inaacha nafasi shavuni ambayo kidole kinapita. Siku ambayo miwani ya saizi yao haionekani, wanatumwa upande wa pili wa nyumba mpaka diski isimame na sakafu ifagiliwe.